Tendegu Bichi la Fundi Kupaza

Tendegu bichi hukumbatia mfumbati mkavu.

Hayo ndiyo maneno mliyoyasikia jana, wazee walipomkabidhi kijana wa miaka ishirini na sita funguo za madrasa, na mmoja wao akayatamka ili kuwanyamazisha waliokuwa wakinung'unika. Mmeuliza yalitoka wapi. Kaeni wima basi, wala msiegemee ukuta; hadithi hii haisikilizwi kwa kulala.

Methali hii ilianza mwaka wa 1956, katika kiangazi, mwezi wa Rajabu, huko Kwemkulo, kijiji cha milimani upande wa Usambara, ambako asubuhi huwa na ukungu na mchana huwa na jua la kukausha hata maneno kinywani.

Kwanza ijulikane kitanda ni nini, kwa maana siku hizi mnalalia vitu vilivyonunuliwa vikiwa vimefungwa kwa karatasi. Kitanda cha kamba kina miti minane. Minne ni matendegu, yaani miguu yake. Miwili mirefu ya ubavuni huitwa mifumbati, na miwili mifupi, ule wa kichwani na ule wa miguuni, huitwa vitakizo. Ncha za mifumbati na za vitakizo huchongwa ndimi. Tendegu hutobolewa matundu. Ulimi huingia katika tundu, na hapo ndipo kitanda kinaposimama au kinapoanguka. Fundi wa kweli hakutia msumari wala gundi. Kitanda kilipohamishwa, ndimi ziligongwa zikatoka kwa nyundo ya mti, kikabebwa vipande vipande, kikaunganishwa tena kilikofika.

Fundi wa kweli wa Kwemkulo alikuwa Mzee Shemhilu. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minane, mfupi, mkavu, mwenye nyusi nzito zilizojaa vumbi la mbao. Alikuwa na kanuni moja aliyoishika kama sala: mti hauguswi na patasi kabla ya kukaa mwaka mzima darini, juu ya jiko, ukila moshi. Mwaka ulipotimia aliushusha, akaugonga kwa kifundo cha kidole na kutega sikio.

"Huu bado unasema *bu*," alisema. "Mti uliokauka husema *ki*. Urudisheni."

Katika karakana yake alikuwamo fundi mwingine, jina lake Kupaza, mwenye umri wa miaka ishirini na minne, mtoto wa mtengeneza ngoma. Huu ulikuwa mwaka wake wa tatu hapo. Kupaza alikereza mti vizuri kuliko Fundi mwenyewe, jambo ambalo Fundi alilijua na hakuwahi kulitamka. Alimpa kazi ya vinu, michi, vigoda na mbuzi za kukunia nazi. Kitanda hakumpa hata kimoja. Wala hakumwita kwa jina lake.

"Mbichi, lete patasi. Mbichi, hiyo ni randa, si kijiko cha uji."

Kupaza alileta patasi, akacheka, akaendelea na kinu chake. Hakuwa mtu wa kununa. Labda ndiyo maana alidumu; waliomtangulia walikuwa watano, na wote walikwisha kukimbilia mashamba ya mkonge.

Sasa, Kwemkulo kulikuwa na desturi ya kutikisa kitanda. Siku ya harusi, kabla bibi harusi hajatoka kwao, shangazi zake walikwenda kwa bwana harusi wakiimba, wakakitoa kitanda uani, wakakishika pande zote nne na kukitikisa. Kikinyamaza, kilirudishwa chumbani kwa vigelegele, na bibi harusi aliletwa. Kikilia, hata mlio mmoja kama wa panya, kilirudishwa kwa fundi aliyekitengeneza, kikiwa kimebebwa miguu juu kupitia njia kuu, na harusi ilingoja kitanda kingine. Kiongozi wa shangazi alikuwa Bi. Rukia, mwanamke mwenye mikono kama ya mpiga makasia, ambaye alikwisha kuvirudisha vitanda vya mafundi wanne wa vijiji jirani. Cha Shemhilu hakuwahi kukirudisha. Miaka thelathini na mmoja, vitanda mia moja na kumi na viwili, na hakuna hata kimoja kilichowahi kupita njia kuu miguu juu. Mzee yule hakuwa na mtoto. Hesabu hiyo ndiyo iliyokuwa uzao wake.

Mwaka huo aliyeoa alikuwa mpwa wake, Saguti, aliyekuwa na kazi ya reli kule Korogwe. Alimchumbia Mwantumu, mtoto wa kaka yake Bi. Rukia. Harusi iliwekwa tarehe kumi ya Shaabani, kwa sababu baada ya hapo yangekuja masika, kisha Ramadhani, na Saguti alikuwa amepewa ruhusa ya wiki moja tu. Nyingine angeipata baada ya mwaka. Fundi alikuwa tayari ameuandaa mti wa kitanda cha mpwa wake: mkulo mwekundu, wenye harufu kali ya kupendeza, uliokatwa kiangazi kilichopita. Mifumbati na vitakizo vilikuwa darini, na kando yake magogo manne mafupi ya matendegu. Yalibakiza siku nane tu yatimize mwaka.

Siku ya kupeleka posa, kabla wazee hawajaondoka kwenda kwa kina Mwantumu, karamu ilifanywa nyumbani kwa Fundi. Mpishi mkuu alikuwa Bi. Mwanahawa, dada wa mkewe, mwanamke mcheshi ambaye pilau yake ilisifiwa hadi Lushoto. Asubuhi ile ukungu uliloanisha kuni zote za uani. Moto ukawa unatoa moshi tu na machozi. Bi. Mwanahawa akainua macho darini, akaona magogo manne makavu, mafupi, yenye urefu unaolitosha jiko kabisa.

"Shemeji yangu ana akili," alisema. "Anaweka akiba ya kuni."

Pilau iliiva vizuri mno. Wageni walinawa, wakazunguka masinia, wakatia mkono. Mzee mmoja alitafuna, akasita, akamnong'oneza mwenzake:

"Hii pilau imetiwa karafuu maiti?"

"Nami nilidhani ni pua yangu."

"Tunakwenda kuposa au kuzika?"

Fundi Shemhilu alikuwa na tonge mkononi. Alilinusa. Harufu ile aliijua kuliko harufu ya nyumba yake. Akalirudisha tonge siniani polepole, akainuka, akaenda jikoni bila viatu.

"Mwanahawa," aliuliza kwa sauti ndogo. "Umepikia nini?"

"Mchele, nyama, bizari, iliki. Kwani imezidi chumvi?"

"Nauliza kuni."

"Aa, kuni! Zile za darini, shemeji. Kuni tamu hizo! Zinawaka kama zina mafuta. Umezitoa wapi?"

Fundi aliinama, akatazama jikoni. Gogo la nne lilikuwa limebaki kipande cha urefu wa kiganja, jekundu, likitoa moshi wenye harufu nzuri. Mifumbati na vitakizo vilinusurika kwa kuwa ni virefu, havikuingia mafigani.

"Umempikia Saguti kitanda chake," alisema Fundi, akakaa juu ya kinu.

Bi. Mwanahawa alishika kichwa, kisha akashika mdomo, kisha, Mungu amsamehe, akacheka mpaka akaegemea mlango. Kicheko chake ndicho kilichowaokoa wote siku ile. Lakini Fundi hakucheka. Harusi ilikuwa imebakiza siku thelathini na sita, na katika kijiji kizima hapakuwa na gogo kavu la kutosha tendegu. Kiwanda cha mbao kiliuza mbao nyembamba tu. Fundi alizunguka siku mbili akigonga miti ya watu kwa kifundo cha kidole. Yote ilisema *bu*.

Saguti alipopata habari alituma neno kutoka Korogwe: "Mjomba, si tununue kitanda cha chuma, au upige misumari tu?" Fundi alimrudishia mjumbe jibu fupi: "Mwambie nimemsikia, na nimemsamehe."

Siku ya tatu, Kupaza aliweka chini mchi aliokuwa akiukereza.

"Fundi, tutumie matendegu mabichi."

Shemhilu hakuinua hata uso. "Mbichi amesema tutumie mbichi. Ndege wa aina moja huruka pamoja."

"Nisikilize kwanza, Fundi. Baba huwamba ngoma kwa ngozi iliyoloweshwa. Ngozi kavu haiwambiki. Ile yenye maji, ikikauka, hujivuta yenyewe mpaka huwezi kuingiza hata sindano."

"Ngoma hupigwa. Kitanda hulaliwa. Ngozi si mti."

"Mti mbichi nao husinyaa ukikauka, wewe ndiye uliyenifundisha. Na mfumbati wako umekwisha kukauka, hauna tena pa kusinyaa. Tukiuingiza ulimi mkavu katika tundu bichi, tundu litasinyaa, ulimi utabaki ulivyo. Si litaubana?"

"Litapasuka!" Fundi aliinuka sasa. "Litapasuka mbele ya Rukia na mbele ya kijiji kizima, na kitanda cha mia moja na kumi na tatu kitapita njia kuu kama mzoga. Chukua mchi wako."

Kupaza alichukua mchi wake. Fundi naye alikata magogo manne mabichi, akayapanga kuzunguka moto mkubwa, akisema kwamba mwaka mmoja wa moshi unaweza kulipwa kwa wiki tatu za joto. Siku ya nne, akiwa katika rakaa ya pili ya adhuhuri, alisikia *pa!* kutoka uani. Alikaza moyo katika sala. *Pa!* Katika rakaa ya tatu, *pa!* nyingine. Alipotoa salamu, gogo la nne lilikuwa linamngoja. Lilipasuka mbele ya macho yake, kutoka ncha hadi ncha, kama muhogo.

Bi. Mwanahawa, ambaye tangu siku ya pilau alikuja kila siku kuomba radhi kwa vyakula, alikuwa mlangoni na bakuli la maharage. Kupaza alikuwa kwenye kerezo lake, ameinamisha kichwa, asionekane anatazama.

"Kupaza," aliita Fundi.

Kijana aligeuka haraka. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka mitatu kuitwa kwa jina lake.

"Hayo magogo yamepasuka kwa nini?"

"Maji yametoka mbio, Fundi. Yametokea kwenye ncha. Mimi ningezipaka nta ncha zote, ili maji yatoke ubavuni, taratibu, kivulini."

"Na ulimi?"

"Ulimi ungekaushwa zaidi ya ulivyo. Ukauke mpaka uwe na kiu."

Fundi alifikicha vumbi la mbao kwenye nyusi zake. Kisha, kama mtu anayejitupia maji baridi, akasema kwa sauti iliyofika kwa jirani: "Sikiliza, na wewe Mwanahawa usikilize. Mimi sijawahi kuliona tendegu bichi likishika. Kitengenezeni. Kikinyamaza mikononi mwa Rukia, na mwaka ukapita kikiwa hakijalegea, mimi Shemhilu nitaingia katika duara la ngoma ya wanawake na nitacheza."

Bi. Mwanahawa nusura aangushe maharage. Mzee yule hakucheza hata siku ya harusi yake mwenyewe. Alisimama kando akikagua fremu ya mlango.

"Shemeji, nimesikia kwa masikio mawili," alisema. "Nitakukumbusha hata kaburini."

Kazi ikaanza. Kupaza alikwenda kwenye shamba la baba yake, akakata machipukizi ya mkulo yenye unene wa paja, akayapasua kwa kabari, si kwa msumeno, ili nyuzi za mti zisikatike. Aliyakereza yangali yanatoa maji. Maganda membamba yaliruka kutoka kwenye chombo chake kama utepe, na karakana yote ikajaa ile harufu iliyoharibu pilau. Matendegu yalitoka yamejaa pete na viuno, ya kupendeza hata ungetaka kuyapapasa. Alizipaka ncha nta ya nyuki kwa mkono, kama anayempaka mtoto mafuta.

Ndimi ilibidi zichongwe na Fundi. Kupaza aliwahi kujaribu, akapunguza mno. Mfumbati mkavu wa mkulo ni mgumu. Hauombwi, huamriwa, na mkono unaojua kuamuru ulikuwa mmoja tu. Fundi alichonga siku tatu, akipima kwa gumba, na kila ulimi akauacha mnene kidogo kuliko tundu.

Kuzikausha zaidi kulimshinda kila mtu, mpaka Bi. Mwanahawa aliposema: "Mnataka zikauke bila kuungua? Nyie wanaume! Karanga tunazikaangaje?" Akaleta chungu chake kikubwa cha mchanga, akaupasha moto, akazichomeka ndani yake ncha za mifumbati na za vitakizo, akazigeuzageuza siku mbili kwa subira ya mtu anayelipa kosa. Zilipotoka, Fundi aligonga moja kwa kifundo. Ilisema *ki* safi kama kengele ya baiskeli.

Waliunganisha siku hiyohiyo, ndimi zikiwa bado na joto. Fundi alishika mfumbati, Kupaza alishika tendegu, nyundo ya mti ikapiga. Kila kiungo kililia mara moja kilipokuwa kinaingia, kisha kikanyamaza. Fundi alikipeleka kitanda kivulini, na kwa siku kumi na saba zilizobaki hakuna aliyeruhusiwa kukigusa isipokuwa Kupaza, aliyewamba kamba za mkonge.

Tarehe kumi ya Shaabani, jua likiwa la saa nne, shangazi walifika nyumbani kwa Saguti wakiimba:

*Tumekuja kukiuliza, kitanda kitwambie,*
*Kama kina siri ya mtu, hapa kiitoe!*

Kitanda kikatolewa uani. Habari ya matendegu mabichi ilikwisha kuenea, na watu walijaa hadi juu ya ukuta wa jirani. Bi. Rukia alikizunguka mara moja, akanusa tendegu.

"Bichi," alisema. "Hata harufu haijatulia. Fundi Shemhilu, unatuletea mti au mboga?"

Watu walicheka. Fundi alisimama wima, mikono nyuma. Saguti, katika kanzu mpya, alikuwa na sura ya mtu anayengoja treni asiyojua kama itasimama. Kupaza alitazama chini.

Shangazi wanne walishika. Bi. Rukia alihesabu. Walitikisa mbele na nyuma, kulia na kushoto, mpaka mikufu yao ikaruka na vumbi la uani likapanda. Kitanda hakikusema neno. Bi. Rukia aliinua mkono. Wakanyamaza wote, hata watoto. Akatega sikio kwenye kiungo kimoja baada ya kingine, huku akikisukuma kwa goti. Kisha akakalia mfumbati kwa uzito wake wote, ambao haukuwa mdogo, akajirusha mara tatu.

Kimya.

"Naona kimeshiba pilau," alisema Bi. Rukia, akainuka. "Mleteni mwanangu!"

Vigelegele vilipasua uwanja. Mwantumu akaletwa, ngoma zikapigwa mpaka alasiri, na Bi. Mwanahawa akawa anamvuta Fundi kanzu kila baada ya wimbo.

"Shemeji, duara lile pale."

"Mwaka haujatimia," alijibu Fundi, ingawa meno yake yote machache yalikuwa nje. "Masika yaje. Tutaona."

Ruhusa ya Saguti ilipokwisha, kitanda kilipelekwa Korogwe kwa lori, kikaingizwa kizima katika nyumba ya reli kabla fremu ya mlango haijajengewa. Masika yakaja, na Fundi Shemhilu akaanza kushuka Korogwe mara kwa mara, jambo ambalo hakuwa nalo zamani. Mwantumu alimkaribisha kwa heshima.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nilikuwa napita. Mgongo unaniuma kidogo. Kuna mahali pa kujilaza?"

Alijilaza juu ya kitanda kile, akajigeuza kwa kishindo upande huu, akajigeuza upande ule, akatega sikio. Mara ya nne Mwantumu alisimama mlangoni akijizuia kucheka.

"Mjomba, mgongo wako unauma kwenye pembe zote nne za kitanda?"

"Nyamaza, mtoto. Lete chai."

Mwaka ukatimia. Ilikuwa tena kiangazi, mwaka wa 1957. Mwantumu alikuwa amejifungua mtoto wa kike, na Saguti alikuwa amepewa na reli nyumba kubwa zaidi, hatua mia mbili kutoka ile ya kwanza. Waliamua kuhama siku ileile ya arobaini ya mtoto, ili shangazi waliokuja kusherehekea wasaidie kubeba. Fundi na Kupaza waliitwa kukibomoa kitanda, maana hakikupita mlangoni kikiwa kizima.

Fundi alichukua nyundo ya mti, akaugonga mfumbati ubavuni, karibu na tendegu, kama alivyofanya maelfu ya mara. Ulimi haukusogea. Akapiga kwa nguvu zaidi. Kitanda kizima kikasogea sakafuni kama mbuzi anayevutwa sokoni, lakini kiungo hakikuachia hata upana wa unywele. Akampa nyundo Kupaza. Kupaza akapiga mpaka jasho likamdondoka puani. Akapiga Saguti. Mwishowe Bi. Rukia akaomba nyundo, naye akapiga pigo moja lililomwamsha mtoto, na kitanda kikabaki vilevile.

Fundi alipiga magoti. Alipapasa mahali ambapo mti wake ulikutana na mti wa Kupaza, akajaribu kuingiza ukucha wa gumba. Haukuingia. Tendegu lilikuwa limesinyaa likauzunguka ulimi, nyuzi zake zimeubana, bila ufa wala pengo, kana kwamba viwili vile viliota pamoja. Alikaa sakafuni, kofia imeenda upande.

"Miaka thelathini na miwili," alisema, "nimekuwa nikingoja kila mti ukauke ndipo niuamini. Na vyote nilivyovitengeneza vinabomoka kwa nyundo. Kitanda hiki hakibomoki."

"Ndimi ni zako, Fundi," alisema Kupaza. "Zingekuwa mbichi nazo, zingesinyaa pamoja na matundu, na kitanda kingekuwa kinalia tangu Ramadhani. Tendegu langu lilihitaji kitu kigumu cha kushika."

Mzee alimtazama, akasema, si kwa sauti ya kufundisha, bali kama mtu anayekiri mbele ya mashahidi:

"Tendegu bichi hukumbatia mfumbati mkavu."

Bi. Rukia aliyarudia maneno yale polepole, akiyaonja. Mwantumu aliyarudia huku akimbembeleza mtoto. Wote walielewa kwamba mzee hakuwa anazungumza habari za miti tu. Upya wa Kupaza haukuwa upungufu. Ndio uliompa nguvu ya kushika. Na ukavu wa Shemhilu haukuwa mwisho wake. Ndio uliokuwa kitu cha kushikwa. Tangu siku hiyo vitanda vya Kwemkulo vilichongwa na wawili, na hakuna aliyemsikia tena Fundi akimwita mtu Mbichi. Na ndiyo maana jana, kijana alipopewa funguo, yule mzee aliyewanyamazisha wanung'unikaji hakusema, "Mpeni nafasi vijana," wala, "Waheshimuni wazee." Alisema maneno haya, ambayo husema yote mawili.

Lakini kitanda kilikuwa bado chumbani. Ilibidi Fundi aing'oe fremu ya mlango, akatoa na tofali mbili za ukuta, ndipo kikapita, kikiwa kizima, mabegani mwa shangazi wanne. Kilipita njia kuu ya Korogwe miguu chini, na mtoto akalazwa juu yake katikati ya kanga mpya, akitazama mbingu.

Walipokitua uani kwenye nyumba mpya, ngoma zilikuwa zimekwisha kupashwa moto. Wanawake walipanga duara. Bi. Mwanahawa alisimama mbele ya shemeji yake, akiwa ameshika kanga iliyokunjwa.

"Nimekumbuka," alisema Fundi Shemhilu. "Usinitolee macho."

Akamkabidhi Kupaza nyundo. Akavua viatu, akavipanga sambamba kando ya tendegu. Akajifunga kanga kiunoni, juu ya kanzu, kwa fundo la kiseremala lisilofunguka ovyo. Kisha mzee wa miaka sitini na tisa, aliyekuwa hajawahi kucheza, akaingia katikati ya duara, akiwa amekaza uso kama anayepima mbao, akatikisa bega la kulia, akatikisa bega la kushoto, na wanawake walipomzingira kwa vigelegele akakata kiuno mpaka Bi. Rukia akakaa chini kwa kicheko. Alicheza wimbo mmoja mzima, hakupunguza hata hatua, maana deni hulipwa lote. Na wimbo wenyewe, alioutunga Bi. Mwanahawa hapohapo na kuwapokeza wenzake, ulikuwa na mstari mmoja tu:

*Tendegu bichi hukumbatia mfumbati mkavu!*